Chura Mweupe wa Dirisha la Bafuni

Siku ya kuniaga nilipewa saa ya ukutani, leso mbili, na keki iliyoandikwa kwa sukari ya kijani: Pumziko Jema. Sina hata unywele mmoja mweupe. Mtu wa umri wangu hastaafu, huacha kazi tu. Lakini ofisini kwetu hakuna sherehe ya anayeacha kazi, ipo ya mstaafu peke yake, kwa hiyo nikastaafu. Nilikata keki, nikashukuru, nikajiuliza saa ya ukutani nitaitundika wapi wakati sina ukuta.

Nimeombwa niwaandikie ninyi mnaokuja kituoni baada yangu. Mwongozo wa kazi mtaukuta kwenye kabati la chuma lenye mlango usiofunga, na sehemu kubwa ya yaliyomo ni kweli. Haya ni yale ambayo hayamo.

Nianze na picha. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mhadhiri alituonyesha chura wa misitu ya Borneo, kijani kama jani changa, amenaswa na kamera akiwa hewani. Vidole vya miguu yote minne vilikuwa vimetandazwa, na kati ya vidole mna utando mpana, kila mguu mwavuli wake. Chura huyo hapai kama ndege. Hujitupa kutoka mti mrefu, akateleza hewani, akageuka akitaka, akatua kwenye mti mwingine. Wenzangu waliandika. Mimi nikauliza: nani alimwona akigeuka, na alijuaje kwamba ametaka? Mhadhiri alisema swali ni zuri na muda umekwisha. Siku hiyohiyo niliamua kwamba maisha yangu nitayatumia kwa chura huyo.

Nikapelekwa Garissa.

Mkuu wa mradi, Daktari Naliaka, alinieleza kwa simu. "Ni wa ukoo mmoja," alisema. "Wa Asia hutaga ndani ya povu juu ya maji, na wa kwako hutaga ndani ya povu juu ya maji. Tofauti ni moja. Wa kwako haendi popote." Nilidhani anatania. Baadaye nilikuja kujua kwamba Daktari Naliaka hakuwa na muda wa kutania.

Kituo, kama mtakavyoona, kiko nje ya mji upande wa barabara ya Liboi, na barabara hiyo ina vizuizi. Siku yangu ya kwanza askari alifungua sanduku langu akakuta mabeseni ya plastiki, mizani ndogo ya sonara, kipimajoto, na kioo cha kinyozi nilichokifunga kwenye fimbo.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kutazama chini ya matawi."

"Chini ya matawi kuna nini?"

"Chura."

Akamwita mwenzake. "Njoo usikie. Huyu msichana amesomea chura."

"Cheti ama diploma?" mwenzake akauliza.

"Digrii," nikasema.

Walitazamana. "Na hizo kazi zingine zote zilikuwa zimeisha?"

Kwa haki, wao pia walikuwa na kioo kwenye fimbo, cha kutazama chini ya magari. Niliwaonyesha kwamba changu ni kidogo ila hakina nyufa. Tangu siku hiyo tulisalimiana kama watu wa kazi moja. Nawashauri muwe na kioo kizuri.

Wiki za mwanzo sikuona chura hata mmoja. Nilimpigia Daktari Naliaka nikamwambia ama wameisha ama hawajawahi kuwapo. Akaniuliza natazama wapi. Kwenye matope, nikasema, kwenye nyufa, vivulini. "Tazama juani," akajibu, akakata simu. Kesho yake adhuhuri nilikwenda kwenye migunga iliyozunguka silanga, lile bwawa la kuchimbwa lililo mbele ya kituo, ambalo wakati huo lilikuwa udongo mkavu tu uliopasuka. Juu ya tawi lisilo na jani niliona kipande cha chaki. Chaki ilikuwa na macho.

Hivyo ndivyo anavyopitisha kiangazi. Hukunja miguu chini ya tumbo hadi nje kunabaki mgongo tu. Ngozi yake hugeuka nyeupe ili jua lirudi lilikotoka. Hata mkojo hana wa kupoteza. Uchafu wake ni mzito, kama wa ndege. Chura wengine wakiwekwa pale hawamalizi siku. Yeye hukaa miezi. Mimi, niliyechagua kazi hii kwa sababu ya chura anayeruka, nikawa kila siku namtazama kiumbe ambaye kutosogea ndio ufundi wake.

Daktari Naliaka alikuja mara chache, na kila alipokuja alisoma taarifa zangu akiwa amesimama. Alikuwa na swali moja, na katika vyombo vyote nilivyopewa kazini hilo ndilo lililodumu bila kutu: "Umeona, au ulitaka kuona?" Wakati mmoja niliandika kwamba chura fulani amefurahia ukungu wa asubuhi. Alilikata neno hilo kwa kalamu, taratibu, kama mtu anayemtoa mbuzi kupe. Nilikasirika hadi jioni. Kisha nikaanza kumuuliza kila mtu swali hilohilo, na hiyo huenda ni sababu mojawapo ya mimi kutokuwa na marafiki wengi.

Mmoja wa chura hao alihamia kwangu. Mtamkuta kwenye fremu ya dirisha la bafuni, juu ya beseni, upande wa kushoto. Sikumpa jina, kwa kuwa hatuwapi majina. Asubuhi nilipiga mswaki mbele yake, naye akanitazama au hakunitazama. Macho yao hayakupi uhakika. Kiangazi kizima hicho ndicho kilichokuwa kikao changu cha kila siku.

Jirani zangu walikuwa nyumba moja tu, ng'ambo ya silanga: mzee Dekow, mfugaji wa mbuzi na ngamia wachache, na mkewe Habiba. Watoto wao wakubwa walikuwa mjini. Mvua za kwanza ziliponyesha, matawi yaliyoinamia maji yaliamka na mapovu meupe, kila moja kubwa kama ngumi mbili. Nilimkuta Dekow amesimama chini yake, mikono nyuma, akimtazama dume lake la ngamia. Ngamia dume wakati wa joto lake hutoa povu mdomoni, na povu lile lilikuwa juu zaidi ya kichwa cha ngamia yeyote.

"Ameruka?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba ni kiota. Jike hutoa majimaji, akayapiga kwa miguu ya nyuma kama mtu anayepiga mayai, hadi yakawa povu. Akichoka huteremka majini kunywa kwa ngozi yake, kisha hurudi kupiga. Mayai hukaa ndani, nje hukauka kama ganda la mkate. Baada ya siku kadhaa viluwiluwi huyeyusha sehemu ya chini na kudondoka majini. Kama maji bado yapo.

Dekow alifikiri. "Basi nimetukana ngamia bure," akasema, akaenda zake.

Habiba ndiye aliyenizoea kwanza. Aliniita abaayo, dada, ingawa ningeweza kuwa bintiye, na alikuja kituoni kutazama nilivyoishi kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Kitanda kimoja. Kikombe kimoja. Akafika bafuni.

"Huyu ni nani?"

"Chura."

"Naona ni chura. Nauliza ni nani. Huyu nakaa hapa kama mwenye nyumba." Akanigeukia. "Ndio bwana yako huyu?"

"Ni jike," nikasema. "Kwa ukubwa wake."

"Haye. Basi ni mke mwenzio. Bwana iko wapi?"

Tangu hapo kila tulipokutana aliniuliza habari za mke mwenza. Anakula? Anakusaidia kazi? Mimi ni mtu wa Taita. Kwetu huwa tunaulizana habari za mvua, za shamba, za nani amekufa. Sikujua kwamba nitakuja kuingoja salamu hiyo kuliko simu ya nyumbani. Jioni nilivuka kwenda kwao, nikakaa kwenye kigoda kifupi cha ngozi, nikanywa chai ya maziwa ya ngamia yenye hiliki, nikabishana na Dekow kuhusu kila kitu. Alisema ngamia hukumbuka mtu aliyemtesa hata baada ya miaka. Nikamuuliza alijuaje si bahati. Akasema nimwendee ngamia fulani nikamuulize.

Sasa nifikie jambo lenyewe.

Ulifika wakati mvua ziliruka msimu, kisha zikaruka tena. Silanga ilikauka hadi mtu akawa anavuka na viatu. Chura walikuwa juu ya matawi, weupe, kama nguo za mtoto zilizosahaulika kwenye kamba. Migunga ilikatwa matawi kulisha mbuzi, na kila tawi lililokatwa nililitazama kwanza kwa kioo changu, na mkataji akaningoja kwa adabu, akisonya.

Wafugaji wa kule hawahami kwa kubahatisha. Kabla ya boma kusogea hutumwa mtu mbele kuona kwa macho yake malisho na maji. Kazi hiyo wanaiita sahan, na aliyetumwa hawezi kuja na habari ya kuambiwa. Aende, akanyage, ashike majani. Sikuwahi kukutana na watu ambao Daktari Naliaka angewapenda kama hao. Ndugu yake Habiba, aliyeitwa Bishar, alikuwa amekwenda hadi Griftu, mbali, upande wa Wajir, na akapiga simu kwamba visima vina maji na majani yapo, lakini watu wengine nao wanaelekea huko. Waje sasa au wasije.

Tatizo la Dekow lilikuwa hili. Mbuzi waliokuwa bado na nguvu za kusafiri wasingekuwa nazo mwezi uliofuata. Lakini safari yenyewe ingewaua walio dhaifu, hata wakipandishwa lori. Ikiwa mvua iko karibu, kuhama ni kuua mbuzi bure. Ikiwa iko mbali, kubaki ni kuwaua wote. Walikuwa wamebaki na mbuzi tu. Ngamia walikwisha kwenda na vijana wa ukoo. Mbuzi hao ndio waliokuwa nyumba yao, na wote wawili walikuwa wamepita umri wa kuanza upya.

Dekow alinipita asubuhi nikiwa chini ya mti.

"Abaayo, chura yako inasema nini?"

"Haisemi."

"Miaka yote unakaa nayo na haijakuambia kitu?"

"Akiniambia nitakuambia."

Aliondoka akitikisa kichwa. Utani, nilidhani. Lakini niliona ametazama nyuma.

Siku mbili tatu baadaye niliamka, nikaingia bafuni, nikakuta chura wa dirishani si mweupe. Amekuwa kahawia, rangi ya gome, na amefungua mguu mmoja. Nilitoka mbio na mswaki mdomoni. Kwenye migunga, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wameiva rangi. Hewa ilikuwa nzito, na upande wa mashariki kulikuwa na wingu ambalo mtu mwenye haya asingeliita wingu, lakini lilikuwapo.

Nilifurahi kama mwendawazimu. Kisha, nikiwa bado natabasamu, likaja lile swali. Umeona, au ulitaka kuona?

Niliona, hilo sikuwa na shaka. Rangi ilikuwa imebadilika. Lakini rangi hiyo hubadilika hewa ikipoa au ikipata unyevu, na unyevu si mvua. Kwenye taarifa zangu kulikuwa na nyakati ambazo mvua ilifuata na nyakati ambazo haikufuata, na sikuwahi kuwa na vya kutosha kusema lolote. Halafu kulikuwa na jambo jingine, ambalo halikuwa kwenye taarifa. Wakihama, ng'ambo ya silanga kutabaki jivu la jiko na ua wa miiba. Kwa wiki nzima nilikuwa nimelala nikitafuta sababu ya wao kubaki, na sasa sababu imekaa dirishani kwangu, kahawia. Ningemwamini mtu mwingine mwenye sababu nzuri kiasi hicho? Nisingemwamini.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua natazama nini. Lakini Dekow alikuwa ameuliza, na aliuliza kwa kweli.

Nilivuka. Nilisimama mlangoni pa ua nikitaka kusema na kurudi.

"Kaa chini kwanza," Habiba akasema. "Ukisimama hivyo kama askari ya kizuizi sisikii."

Nilikaa kwenye kigoda changu. Alinimiminia chai, ya rangi, maana maziwa hayakuwapo tena. Dekow alikuwa anafunga kamba.

"Wamebadilika," nikasema. "Leo asubuhi. Hata yule wa bafuni."

Akaiweka kamba chini. "Mvua?"

"Sijui."

"Abaayo. Sema moja."

"Wakati mwingine mvua hufuata. Wakati mwingine haifuati. Na mzee, mimi nataka mbaki. Mkienda sina mtu hapa. Kwa hiyo msinitegemee. Sijui kama nawaambia nilichoona au nilichotaka kuona."

Mbuzi mmoja alikohoa. Habiba akacheka kwa pua.

"Wallahi, hii ndio kusoma? Mtu nakuja kutoa ushahidi, halafu nakataa ushahidi yake mwenyewe."

"Hapana," Dekow akasema. Alinitazama kwa muda. "Hii ni ushahidi nzuri. Bishar ameona majani, ameshika. Huyu ameona rangi na hajui. Hajui ni hajui." Akaokota kamba yake. "Tunahama."

Sikuwa nimejua hadi hapo jinsi nilivyotumaini kwamba hatanielewa.

Walipakia baada ya swala ya alfajiri. Mbuzi dhaifu walipandishwa lori la mtu aliyekuwa anaelekea Wajir, wenye nguvu wakatangulia na vijana wa jamaa. Habiba alizunguka ua wake akigusa vitu ambavyo haviendi. Kile kigoda alikibeba hadi kwangu akakiweka mlangoni.

"Hii haina nafasi kwa lori," akasema. Nafasi ilikuwapo, niliiona. "Salimia mke mwenzio."

"Zitamfikia."

"Na ununue kikombe ya pili, abaayo. Mtu akija utampa chai na nini?"

Kesho yake chura wa dirishani alikuwa mweupe tena. Lile wingu lilikwenda lilikokwenda. Mvua haikunyesha mwezi huo wala uliofuata, na wa tatu palikuwa na vumbi tu. Wangebaki, asingepona mbuzi hata mmoja. Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Naomba niwaambie jambo ambalo chuo hakifundishi: kuwa sahihi ni kitu unachoweza kukaa nacho kwa nusu siku hivi, baada ya hapo unaanza kutafuta mtu wa kumwambia. Nilimwambia wa dirishani. Sikuliandika kwenye taarifa.

Kwenye kizuizi waliniuliza kama chura wangu nao wamehama. Nikasema hapana, hao ndio peke yao waliobaki. Askari mmoja, mtu wa Kisii, mbali na kwao kama mimi, akasema, "Na wewe."

Mvua ilipokuja ilikuja kama inayolipiza. Silanga ilijaa hadi mizizi ya migunga ikaingia majini, na hakukuwa na mnyama wa kuyanywa maji hayo wala wa kuvunja tawi. Sijawahi kuona viota vingi kiasi kile. Asubuhi mti mzima ulikuwa umechanua povu, na baada ya siku kadhaa vikaanza kuloa chini, na viluwiluwi vikadondoka, kimoja, viwili, kisha kwa makundi, sauti yake kama mtu anayekung'uta vidole baada ya kunawa. Ulikuwa msimu bora wa kituo. Daktari Naliaka alisoma taarifa akiwa ameketi. Na mimi nilisimama pale ukingoni asubuhi ile, nimeshika kioo changu, nikageuka kumwonyesha mtu.

Jioni hiyo, baada ya magharibi, nilimpigia Habiba. Alisema mbuzi wamezaa. Alisema Dekow amepewa sehemu karibu na soko la Griftu, na magoti yake hayataki tena safari. Sikuuliza watarudi lini. Alikuwa amekwisha kujibu.

"Na huko?" akauliza.

Nikanyoosha simu kuelekea silanga. Walikuwa wanaita wote, kila tawi, mlio ule mkavu wa kukwaruza ambao Habiba alikuwa akiulalamikia kila mvua.

Nikairudisha simu sikioni.

"Hiyo kelele," akasema. "Ilikuwa nanizuia kulala." Kisha akasema, "Weka karibu kidogo."

Nilikaa kituoni misimu mingine baada ya hapo, na kazi ilikwenda vizuri, na sina kesi ngumu ya kuwasimulia zaidi ya hiyo. Watu huniuliza kama sasa nitakwenda Asia kumwona yule anayeruka. Sijui. Picha bado ninayo.

Yaliyobaki ni ya kukabidhiana. Paneli za jua zipanguswe vumbi kila wiki, mwongozo unasema mwezi, msiufuate. Kabati msilifunge kwa nguvu. Vikombe viko viwili. Kigoda kiko karibu na mlango, ni cha mtu, msikiweke nje ikinyesha. Wafugaji watakuja tena siku moja ng'ambo ya silanga, kwa sababu maji yako pale, na mvua ikichelewa watawauliza. Waambieni ukweli, na mara nyingi ukweli utakuwa sijui. Lakini msiuseme mkiwa mmesimama. Ingieni, mkae, mnywe chai yao, ndipo mseme.

Na wa dirishani. Chura wote wa kituo tunawatia alama ndogo ya rangi chini ya ngozi ya paja, ili tujue nani ni nani mwaka hadi mwaka. Yeye sikumtia. Kila mvua huondoka, na kila kiangazi yupo pale tena, kushoto, juu ya beseni, mweupe. Inawezekana ni yuleyule. Inawezekana wamepokezana mara kadhaa mimi nikipiga mswaki. Dakika moja tu ya kazi ingetosha kujua, na katika miaka yote hiyo ndilo swali pekee ambalo sikuuliza. Alama ziko kwenye droo ya pili. Nawaomba mumwache.